Kijani cha Kalenda ya Bibi

Paskalina mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda kuwaaga akina shangazi, nami nimefunga studio mapema. Mteja wa picha za pasipoti nimemwambia arudi kesho kutwa, maana kesho ni siku ya safari yako. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, mgongo kwenye lile pazia la bluu, na jua bado halijazama. Nakuandikia kwa sababu nimeshindwa kukuambia kwa mdomo, na wewe unajua mimi si mtu wa kushindwa kuongea.

Mambo ya sweta, ya dawa na ya kupiga simu ukifika, mama yako ameyamaliza. Amekwambia mara mbili, na atakwambia tena kesho gari likiwa limeshawashwa. Kwangu limebaki jibu moja tu.

Wiki tatu zilizopita ulifungua friji ya studio, ukaitoa mikanda yote ya kamera na kuipanga mezani. Upande mmoja kumi na miwili ya slaidi, ile aliyoniachia yule mtalii mzee aliyesema macho yake yamechoka. Upande mwingine kumi na miwili ya negativu, ile niliyokuagizia Arusha. Kijisanduku chako cha baridi kinachukua kumi na miwili tu, na kazi yako kule kwenye mradi wa msitu inataka aina moja mwaka mzima: mkanda mmoja kila mwezi, miti ile ile, kutoka pale pale, ili mwakani mtu akizipanga picha aone kilichobadilika msituni na si kilichobadilika kwenye kamera. Mradi ungeridhika na picha za simu. Hili la mikanda ulilifikiri mwenyewe, na nilijivunia sana, ingawa nilikwambia tu kwamba mikanda ni ghali. Halafu ukaniuliza, "Baba, ipi kati ya hizi itanipa kijani kile cha kalenda ya bibi?"

Nikasema tutaona. Ukauliza tena Jumapili, nikasema tutaona. Kisha ukaleta ile karatasi ya mradi yenye jina la mwenyeji wako wa Enguserosambu. Nikaisoma, nikairudisha mezani, nikatoka nje. Ukamwambia mama yako, "Baba hataki nikakae bomani kwa Wamasai." Nilikusikia. Sivyo, mwanangu. Afadhali ingekuwa hivyo, maana ungenishinda kwa hoja mara moja na tungecheka. Tatizo ni lile jina. Lemayan ninamfahamu. Alikuwa rafiki yangu, nilimkosea, na kosa lenyewe limetundikwa ukutani kwa bibi yako tangu kabla hujazaliwa.

Ngoja nianze na kosa la kuchekesha, nipate nguvu ya kulifikia hilo. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipiga harusi nzima, kuanzia kanisani mpaka keki, na mkanda haukusogea hata hatua moja. Ulikuwa haujashika kwenye meno ya kamera. Nilibonyeza, nikavuta, nikawapanga wakwe watabasamu, yote bure. Bwana harusi hadi leo ananisalimia shingo upande. Ndiyo maana nakusumbua kila mara utazame kile kitufe cha kurudishia mkanda, kama nacho kinazunguka unapovuta. Lakini kosa la namna hiyo linauma mwezi mmoja, kisha linakuwa hadithi ya kuwachekesha watu msibani. Mkanda usiopata kitu haumdanganyi mtu.

Lile jingine, mkanda ulipata kila kitu.

Kulikuwa na hoteli ya wageni inajengwa huko juu upande wa Oldeani, karibu na mpaka wa msitu. Mwenye hoteli alitaka kalenda. Akaniita mimi, kijana wa Karatu mwenye kamera mbili za mitumba, akanipa mikanda ya slaidi ambayo nilikuwa nimeisikia kwa jina tu. Akanipa na mtu wa kunipeleka: Lemayan, aliyekuwa akiwatembeza wageni wake kwa miguu. Tulikuwa umri mmoja. Kwao ni Enguserosambu, lakini msitu huu aliujua kuliko sisi tuliozaliwa chini yake, kwa sababu sisi tulikuwa tunaingia kuokota kuni na kutoka mbio kwa kuogopa nyati. Tulitembea wiki mbili. Yeye alibeba stendi ya kamera, mimi nilibeba maringo.

Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa bado umelala kwenye matawi. Nikamwambia, "Angalia kijani hicho, rafiki yangu."

Akaniangalia mimi badala ya msitu. "Kijani kipi? Mimi naona sambu."

Sambu, akanieleza, ndivyo wanavyomwita ng'ombe mwenye rangi nyingi zilizochanganyika, na neno hilo hilo ndilo limekaa mwishoni mwa jina la kwao. Akaanza kunionyesha kwa fimbo, polepole, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa ndugu zake. "Majani yale ya juu ni machanga, yana njano. Mzeituni wa mwitu ule, upepo ukigeuza jani, tumbo lake ni jivu. Zile ndevu kwenye matawi ni kijivu. Mti ule majani yake ya chini ni mekundu, unataka kuyaacha. Wewe unasema kijani. Ng'ombe wako akipotea, utasema natafuta mwenye rangi ya ng'ombe?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wafugaji, nikapiga picha yangu, tukaendelea.

Siku ya nne akanipeleka kwenye chemchemi. Maji yake ndiyo yaliyokuwa yakiteremka mpaka kijijini kwa bibi yako. Mwaka ule mvua zilikuwa za kubahatisha, na juu ya chemchemi kulikuwa na visiki vibichi. Watu walikuwa wanakata kwa kujificha, nguzo na mkaa, na baadhi yao tuliwajua kwa majina. Miti iliyobaki ilikuwa imeanza kukauka vichwani. Lemayan akachuchumaa, akatia mkono majini, maji hayakumfika kwenye kifundo.

"Hii piga," akasema. "Si ya kalenda. Kijiji kina mkutano mwisho wa mwezi. Nitasimama niseme, lakini mimi wa kuja, nani atanisikia? Wakiona kwa macho yao, na aliyepiga ni mtoto wao, watanyamaza."

Nilikuwa na mkanda mmoja wa negativu, wa kawaida kabisa, wa kupigia kipaimara. Nikaupachika kwenye kamera ya pili, nikapiga chemchemi, visiki na vile vichwa vilivyokauka. Kisha wingu likafunika jua, mwanga ukalainika, na mimi sikuweza kujizuia. Nikachukua kamera ya slaidi, nikapiga pale pale kwa ajili ya hoteli. Niliinua lenzi kidogo ili visiki vibaki nje, maana visiki haviuzi kalenda.

Sasa sikiliza, kwa sababu jibu lako liko hapa. Slaidi haisamehi. Ukikosea mwanga kidogo tu, juu ya majani panakuwa peupe kama karatasi na chini ya mti panakuwa shimo. Kwa hiyo tulikuwa tunaipunguzia mwanga makusudi, na rangi zinakolea. Ile aina iliyomo kwenye friji yetu inakolea kama mapishi ya mtu anayetia bizari kwenye kila kitu, mpaka unaogopa kuonja chai yake. Ipeleke msituni, njano inageuka kijani, jivu linageuka kijani, hata jani lililokwisha kufa linapata matumaini. Negativu ni mpole. Ukiipa mwanga zaidi haikasiriki, na mimi ningeipa zaidi kila mara, maana chini ya miti macho yetu yanatudanganya kuhusu giza. Inaona kivulini, inaona juani, na njano inaiacha iwe njano. Siku ya kwanza utazitazama picha zake useme zimepauka. Zilaze siku mbili, kisha uzitazame tena.

Mimi sikuzilaza. Slaidi zilikwenda Nairobi kusafishwa, zikarudi. Unajua sisi huku tunasema kusafisha picha, na neno hilo nimelitumia maisha yangu yote bila kulifikiria. Zile zilikuwa zimesafishwa mno. Mwenye hoteli alipoiona ile ya chemchemi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaikuzisha ikawa kubwa kama mlango wa kabati, akanipa nakala. Negativu nazo nikazisafisha, nikazichapa saizi ya postikadi. Zikatoka za njano njano na kijivu, visiki vimejipanga mbele kama meno mabovu.

Siku ya mkutano niliziweka kitandani zote, bahasha ya Lemayan yenye vile vipostikadi, na ile picha kubwa iliyoviringwa. Watu wa kijiji chetu walikuwa hawajawahi kuona kazi yangu. Walijua tu kwamba mtoto wa fulani ameacha jembe akashika kamera. Nikaona aibu kwenda mbele yao na vipostikadi vilivyopauka. Nikajiambia mahali ni pale pale na chemchemi ni ile ile, kwa hiyo si uongo. Nikajiambia kizuri chajiuza. Bahasha nikaiacha kitandani.

Lemayan alisimama akasema yake, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. "Miti iliyo juu ya maji inakufa. Inakatwa na watu. Kama mimi hamniamini, rafiki yangu huyu amepiga picha. Mtoto wenu."

Nikaifungua ile picha, watu wawili wakashika ncha. Ukumbi mzima ukaguna kwa kupendezwa. Mwenyekiti wa mkutano akaisogelea, akaigusa kwa kidole kama anayetaka kujua kama imekauka.

"Msitu wenye rangi hii," akasema, "unakufa wapi?"

Mtu mmoja nyuma akadakia, "Mchunga ng'ombe amekuja kutufundisha miti." Watu wakacheka, na mkutano ukahamia kwenye habari ya josho. Na mimi, mwanangu, nilikuwa natabasamu. Si kwa sababu ya kile kicheko. Kuna mama mmoja mbele alikuwa ameuliza nani kapiga picha nzuri namna hii, na watu walikuwa wananinyoshea kidole. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yako. Wewe ndiye wa kwanza.

Lemayan hakugomba. Alinisubiri nje, akaniuliza bahasha iko wapi, nikamwambia iko nyumbani. Akatikisa kichwa. "Nilikuomba unisaidie kumtafuta ng'ombe wangu," akasema. "Umewaonyesha wa mtu mwingine." Wiki ile ile akaacha kazi hotelini, akarudi kwao. Magari ya Loliondo, ya kwenda kwao, yalikuwa yanapita hapa mbele ya studio kila mara, na sikupanda hata moja.

Sisemi picha yangu ndiyo iliyokausha maji. Mvua zina yake na mashoka yana yake. Nasema siku ambayo watu walikuwa tayari kuangalia, mimi niliwafumba macho kwa kitu kizuri. Baada ya misimu miwili chemchemi ilikuwa tope la kukanyagwa na nyati, na bibi yako akaanza kushuka mpaka bomba la bondeni, dumu mgongoni, asubuhi nzima kwenda na kurudi. Kalenda ya hoteli ilipotoka nilimpelekea moja. Akaitundika juu ya pale anapopanga madumu. Mwaka ukaisha, hakuitoa.

Chini ya kalenda hiyo ndipo ulipokuwa unalazwa mchana. Ulijifunza kusema kijani kwa kuinyoshea kidole. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na nilidhani ni maneno tu, mpaka mjukuu mwenyewe aliposimama mbele ya friji yangu na kuniuliza nimpe kijani kile.

Jumapili iliyopita, mlipodhani nimekwenda kutazama mahindi, nilikwenda kwa bibi. Nilimwambia habari ya mkutano, bahasha na kile kicheko; tabasamu langu tu nililiacha. Alikuwa anachambua maharage na hakuacha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nachota maji. Ulidhani nani angejua kabla yangu?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliitundika miaka yote hii. Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa nje. "Chini yake pameandikwa jina lako." Akaendelea kuchambua kwa muda, kisha akasema, "Lakini yule dasi," ndivyo anavyokuita bado, msichana, kwa Kiiraqw chake, "yule dasi usimwache aondoke akidhani msitu ulikuwa hivyo."

Nilisimama nikaitazama kalenda kwa karibu. Kijani unachokiulizia hakipo tena, Paskalina. Jua la dirishani limekula njano yote, imebaki bluu ya baridi, miti kama imezama majini. Kile unachokikumbuka kiko kichwani mwako tu, nami ndiye niliyekitia humo.

Bahasha ya Lemayan sikuitupa. Vile vipostikadi viliharibiwa na unyevu, lakini negativu zenyewe zilikuwa chini ya sanduku la flashi, zimelala salama miaka yote. Juzi nikazipitisha kwenye skana, nikachapa moja, kubwa. Nikaiegemeza kwenye pazia hili la bluu nikakaa mbele yake. Visiki vipo. Vichwa vya miti vilivyokauka vipo, rangi ya mabua. Nyuma yao kuna majani machanga yenye njano, mzeituni umegeuka tumbo kwa upepo, jivu tupu, na mti mmoja una wekundu kwa chini. Pembeni, nilikuwa nimesahau kabisa, umeingia mkono wa Lemayan na fimbo yake, ananionyesha. Ndipo nikaiona sambu kwa mara ya kwanza. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Alinionyesha nikiwa kijana mwenye macho mazima, na mimi nimeiona sasa, navaa miwani.

Basi jibu la swali lako ni hili. Slaidi ndiyo itakayokupa kijani cha kalenda ya bibi. Umeuliza, nimejibu. Wala usije ukadhani slaidi ni kitu kibaya. Asubuhi za ukungu, mwanga umelala sawasawa na hakuna jua la kupasua majani, nimeiona ikifanya kazi ambayo negativu haiwezi, na mkanda haukuwa na kosa lolote siku ile ya mkutano. Mtu ndiye aliyechagua cha kubeba. Nilichagua kwa kuwafikiria watu watakaoniangalia mimi, nikawasahau watakaouangalia msitu wakate shauri.

Kijisanduku chako nimekiacha kitupu mezani. Mikanda yote ishirini na minne iko kwenye friji, sijagusa hata mmoja, ingawa mkono ulitamani kukupangia. Chagua mwenyewe kesho asubuhi. Usichague kwa kuniogopa, na usichague kwa kunipendeza.

Juu ya friji kuna bahasha kubwa ya kaki, yenye ile picha ya visiki. Hiyo ibebe, hilo nakuomba. Ukifika, mwinamishie Mzee Lemayan kichwa akuguse, ndivyo watoto wanavyowasalimia wakubwa kule, na hata wewe na digrii yako ni mtoto. Mpe bahasha siku hiyo hiyo ya kwanza. Usingoje siku ya pili, ni ngumu zaidi. Mimi siku ya pili yangu imenichukua miaka mingi kuliko umri wako.

Usiniombee msamaha. Hiyo ni kazi yangu, nitakuja mwenyewe mvua zikikatika, kama atanikubali. Huenda akaitazama ile picha akairudisha kwenye bahasha. Huenda akaniita jina baya, na akiniita, usinitetee. Wewe mwambie tu kwamba baba amesema, siku ile ya mkutano, alileta picha siyo.

Baba yako